Mtaje Mbuzi Kabla Hujakopa

Ukiwa na mshahara unaopitia benki, siku moja utapigiwa simu. Sauti ya upole itakuambia umekubaliwa kadi ya mkopo yenye kikomo cha shilingi 80,000, ufike tawini na kitambulisho. Huenda wewe ni mwalimu, muuguzi, askari wa wanyamapori au karani wa kaunti. Watoto wako wanasoma Isiolo mjini, wazazi na mifugo wako kijijini Biliqo, na tangu tarehe 12 ya mwezi umekuwa ukihesabu siku za mshahara. Elfu themanini si kitu cha kupuuza. Lakini kabla hujaabiri gari kwenda kutia sahihi, soma haya kwanza.

Nimeibeba kadi kama hiyo kwa miaka sita. Miaka miwili ya kwanza ilinila. Minne iliyofuata imenifaa, na si kwamba mshahara uliongezeka kwa maana. Nilijifunza tu jambo moja ambalo mama yangu, asiyejua kusoma, amelifanya dukani Biliqo maisha yake yote nami nikimtazama bila kuliona.

Mama hakopi kabla ya kumtaja mbuzi. Husimama mbele ya kaunta, mtandio umeshika vumbi la njiani, akasema: "Niandikie sukari kilo tatu, majani ya chai, unga na mafuta. Hii ni ya yule beberu mwekundu mwenye sikio lililokatwa. Akikosa bei mnada huu, nitamuuza mnada ujao. Akifa, kuna dada yake." Mwenye duka huvuta daftari lake, lile la kurasa 96 lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, akafungua ukurasa wetu. Huandika vitu na bei zake, na pembeni huongeza maneno mawili: beberu mwekundu. Siku ya kulipa, mstari mmoja hupigwa juu ya yote, Mama akiwa papo hapo anatazama.

Angalia alichokifanya. Deni lake lina mahali litakapotoka, lina siku, na lina wa kulishikilia mambo yakiharibika. Kadi ya mkopo haikuulizi hata kimoja kati ya hayo. Mashine inalia, karatasi inatoka, unachukua mifuko yako unaondoka. Basi maswali hayo inabidi ujiulize mwenyewe, kila mara, kabla ya kadi kutoka mfukoni. Mengine yote katika mwongozo huu ni maelezo tu ya hilo.

Kadi hukupa siku, haikupi pesa

Unapopitisha kadi, benki inamlipa mwenye duka leo halafu inakungoja wewe. Kungoja huko kuna tarehe mbili, na ukizichanganya umeumia. Ya kwanza ni tarehe ya kufunga hesabu, siku ambayo benki inajumlisha ulichonunua mwezi mzima na kukutumia taarifa. Ya pili ni tarehe ya mwisho ya kulipa. Ukilipa deni lote la kwenye taarifa kabla ya tarehe hiyo ya pili, ununuzi wako hautozwi riba hata senti.

Tuseme hesabu yako inafungwa tarehe 20 na siku ya mwisho ya kulipa ni tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Ukinunua kitu Machi 21, kitaingia kwenye taarifa ya Aprili 20, na utakilipia Mei 10. Umepata siku 50. Ukinunua kitu hichohicho Machi 19, kinaingia kwenye taarifa ya kesho yake na unakilipia Aprili 10. Umepata siku 22. Duka moja, bei moja, tofauti ya wiki nne kwa sababu ya siku mbili tu. Ukiwa na manunuzi makubwa, yafanye siku baada ya hesabu kufungwa.

Siku utakayochukua kadi, muulize afisa wa benki mambo manne, uyaandike mbele yake: hesabu inafungwa lini, mwisho wa kulipa ni lini, riba ni kiasi gani kwa mwezi, na ada ya mwaka ni ngapi. Kama tarehe ya mwisho inaangukia kabla ya mshahara wako, uliza kama inaweza kusogezwa; benki nyingine hukubali. Kisha jaza fomu ya kukatwa deni moja kwa moja kutoka kwenye akaunti ya mshahara. Na hapa fungua macho, kwa maana fomu hiyo huwa na visanduku viwili: kulipa kiasi cha chini, au kulipa deni lote. Tia alama kwenye deni lote.

Kwa nini nalisisitiza? Hicho kiasi cha chini ndicho kilichonila. Chukua deni la shilingi 30,000 kwenye kadi yenye riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, na mkataba unaodai ulipe angalau asilimia 10 ya deni. Mwezi wa kwanza utalipa shilingi 3,105 na utajiona mwadilifu. Endelea hivyo mwaka mzima bila kununua kitu kingine chochote. Baada ya miezi 12 utakuwa umetoa karibu shilingi 26,000, na bado utakuwa unadaiwa karibu 12,800. Kati ya ulichotoa, karibu 8,800 ni riba tupu. Ukiiona "asilimia 3.5" inaonekana ndogo kama mwanambuzi wa jana, lakini hesabu ni ya kila mwezi, na mwezi haukosi kurudi.

Siku 50 hazifiki mvua

Vitabu vya bajeti vinavyouzwa Nairobi vimeandikwa kwa nyumba ambayo pesa huingia tarehe ileile kila mwezi. Nyumba ya Biliqo haiko hivyo. Wewe uliyeajiriwa una mwezi wa benki, lakini baba na mama wana mwaka wa mfugaji, na bajeti yenu ni moja. Kuna ganna, mvua za Machi hadi Mei. Kuna adolessa, kiangazi kirefu cha Juni hadi Septemba. Kuna hagaya, mvua za Oktoba hadi Desemba, kisha jua la bona mwanzoni mwa mwaka. Mnyama aliyenona huuzika vizuri baada ya mvua. Mwishoni mwa adolessa mbavu zinahesabika, na broka anayejua una shida anatoa bei ya kukudhalilisha.

Sasa linganisha na kalenda ya shule. Muhula wa kwanza hufunguliwa Januari, na ndio wenye karo kubwa, sare na sanduku. Hagaya ikinyesha vyema, huo si wakati mbaya wa kuuza. Muhula wa tatu hufunguliwa mwishoni mwa Agosti, katikati ya ukavu, na hapo ndipo wengi wetu tunatamani kadi: nilipe karo kwa kadi sasa, mvua zije, mbuzi wanone, niuze kwa bei nzuri, nilipe benki. Ni wazo zuri. Nimelifanyia hesabu mara nyingi na halikubali. Kutoka mwisho wa Agosti, siku 50 zinakufikisha katikati ya Oktoba. Kama hagaya imewahi, nyasi ndiyo kwanza zinachipua. Mbuzi atahitaji wiki kadhaa za malisho kabla ya kurudisha mwili, na wewe tayari umeshapita tarehe ya mwisho na riba imeanza kukimbia. Na hiyo ni mvua ikija. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 ilifeli misimu mitano mfululizo. Benki haikuahirisha taarifa hata moja.

Kwa hiyo sheria ya nyumba yangu ni hii: kadi hulipwa na mshahara peke yake. Deni la kadi halitajiwi mnyama kama chanzo, hata awe amenona vipi, kwa sababu mnyama na kadi hawana kalenda moja. Mnyama anaweza kuwa mdhamini tu, yaani wa kuuzwa iwapo mshahara umechelewa, na hapo awe ni mnyama anayeuzika leo akiwa katika hali aliyo nayo leo. Karo ya muhula wa tatu iuziwe mbuzi Juni, kabla adolessa haijang'ata, na pesa ziwekwe akiba hadi Agosti. Kumwona mbuzi akiuzwa miezi miwili kabla ya haja kunawauma wazee. Nimebishana na baba juu ya hilo zaidi ya mara moja, na nitabishana tena.

Sisemi haya kwa nadharia. Katika ukame ule ndugu yangu alinipigia simu usiku: ng'ombe watatu hawawezi kuamka wenyewe, wanainuliwa kwa mikono kila asubuhi. Kesho yake nilikwenda kwenye mashine ya ATM na kadi ya mkopo, nikatoa shilingi 15,000, nikatuma kwa simu zikanunue nyasi. Sikujua kwamba ukitoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo, zile siku za bure hazipo. Ada hukatwa papo hapo na riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo. Nyasi zilifika. Ng'ombe wawili walikufa ndani ya wiki mbili, wa tatu baadaye. Mimi nikaendelea kulipa kile kiasi cha chini, mwezi baada ya mwezi, na takriban mwaka mzima nilikuwa nalipia nyasi za ng'ombe waliokwisha kuwa mifupa.

Ningefanya nini badala yake? Ningemwambia ndugu yangu miezi mitatu kabla: uza mmoja angali anatembea, awalishe wenzake. Ningelipia bima mapema. Bima ya mifugo inayopima ukijani wa malisho kwa setilaiti ilianzishwa Marsabit mwaka 2010 na wataalamu wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na mwaka 2013 Takaful Insurance of Africa ikaleta Wajir ile inayofuata sharia. Huuzwa kabla ya mvua kuanza, kwa hiyo iwekee fungu la bajeti mwanzoni mwa mwaka na tena mwezi wa nane. Na kuhusu kurudisha mifugo baada ya hasara, usiifikirie kadi kabisa. Wazee wetu wana busa gonofa, ukoo unaokaa chini ukamchangia aliyepoteza. Itisha kikao. Aibu ya kuomba ukoo ni ya siku moja.

Kadi ifanye kazi wapi

Dukani Biliqo mashine ya kadi hutaikuta. Hapo kuna noti, M-Pesa na daftari. Kadi ni ya Isiolo mjini: supamaketi, kituo cha mafuta, duka kubwa la dawa, hospitali ya binafsi, na manunuzi ya mtandaoni. Hilo lisikusikitishe, ni faida. Maana yake unaweza kuipa kadi kazi chache zinazojulikana, na pesa taslimu zikabaki kwa ajili ya nyumbani ambako hakuna njia nyingine.

Mimi naipa kazi tatu. Ya kwanza ni manunuzi ya jumla ya mwezi, yale ya kupakia kwenye lori: sukari, mchele, unga, mafuta, sabuni. Nikinunua mjini kwa wingi napata nafuu ya bei, na kwa kuwa nanunua siku baada ya hesabu kufungwa, nalipa baada ya mshahara wa pili. Ya pili ni dawa za mifugo na chanjo kutoka duka la kilimo linalokubali kadi. Ya tatu ni dharura ya hospitali, na kwa ajili hiyo nusu ya kikomo changu huwa siigusi. Benki ikikupa kikomo cha 80,000, wewe jiwekee chako cha 40,000 na ukiandike. Wakikupigia kukuongezea, kataa.

Orodha ya kisichoingia kwenye kadi ni fupi: pesa taslimu za aina yoyote, ikiwemo kuhamisha kutoka kadi kwenda M-Pesa (benki nyingi huhesabu hiyo kama kutoa taslimu); karo; harusi; miraa; na kitu chochote cha mtu mwingine. Binamu atakuja na kusema "nipitishie hii, nitakurudishia Ijumaa." Kama unataka kumsaidia, mpe ulichonacho mkononi na uridhike. Kadi ina jina lako, na deni ni lako hata akihamia Moyale.

Kabla ya kadi, angalia simu

Wengi wetu tayari tuna kadi ya mkopo bila kuiita hivyo. Fuliza ilizinduliwa Januari 2019, na tangu hapo kukosa salio si sababu ya kutolipa: simu inakukopesha ya kujazia, kisha pesa yoyote ikiingia inakatwa kwanza. M-Shwari ilikuwepo tangu Novemba 2012, ikianza na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Hustler Fund ya serikali ilikuja mwishoni mwa Novemba 2022, kwa asilimia 8 kwa mwaka, ukilipa ndani ya siku 14, na asilimia 5 ya unachokopa ikiwekwa akiba kwa jina lako.

Kosa la kawaida ni kuzilinganisha asilimia bila kutazama muda. Saba na nusu inaonekana ndogo kuliko nane. Lakini chukua shilingi 10,000 kwa siku 30. Kwa bei ile ya M-Shwari ilipoanza, utalipa 750 juu yake. Kwa kadi iliyopitisha tarehe yake, yenye riba ya 3.5 kwa mwezi, utalipa 350. Kwa kiwango cha asilimia 8 kwa mwaka, siku 30 ni kama shilingi 66. Kadi iliyolipwa yote kwa wakati haitozi riba. Kila ukitajiwa riba, uliza: kwa siku ngapi?

Kuna hatari ya mikopo ya simu ambayo mtu wa mjini haioni. Kwetu simu moja hutumiwa na nyumba nne. Jirani hana laini, mwanawe aliye Nairobi anamtumia shilingi 2,000 za dawa kupitia simu ya mama yako. Kama laini hiyo ina deni la kujazia salio, pesa za mgonjwa zinakatwa zikifika tu, na mama yako ndiye atakayemtazama jirani machoni. Liliwahi kutokea nyumbani kwetu. Tulikwenda dukani kukopa ili kulipa pesa zilizolipa mkopo. Laini inayopokea pesa za watu ifungiwe huduma hiyo kabisa. Ukitaka kukopa kwa simu, kopa kwa laini yako ya mfukoni.

Vivyo hivyo pesa za serikali. Mzee wa miaka 70 na zaidi hupata shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, na mpango wa HSNP wa kukinga nyumba dhidi ya njaa, uliofika Isiolo katika awamu yake ya tatu, ulipangwa kulipa 5,400 kila miezi miwili. Pesa hizi huchelewa. Ziandike kwenye bajeti zikishaingia, usiziahidi kabla. Na wala usimwachie mwenye duka kadi ya benki ya mzee wala kitambulisho chake kama rehani, hata kama mmesoma madrasa moja.

Na riba je?

Kwa Waislamu wa Biliqo swali hili haliwezi kuwekwa pembeni, na sipendi miongozo inayolipita kimya. Mkataba wa kadi ya kawaida una sharti la riba ukichelewa. Wapo wanaosema ukilipa yote kwa wakati hujala wala kulisha riba. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha mwaka 2000 mjini Riyadh, liliamua kwamba kadi isiyo na salio nyuma yake haifai kutolewa wala kutumiwa ikiwa ina sharti la riba, hata kama mwenye kadi ananuia kulipa kabla ya muda. Ujue msimamo huo, kisha umwendee sheikh unayemwamini ukiwa na mkataba mkononi. Usimwendee na maneno ya tangazo.

Dhamiri ikikukataza, hujakosa kitu kikubwa. Kenya ina benki zinazofuata sharia tangu 2008, na kadi ya kawaida ya akaunti, ile inayokata pesa zako mwenyewe, inapita kwenye mashine zilezile za Isiolo. Inakupa taarifa ya mwezi na inakuepusha kubeba noti safarini. Unachopoteza ni zile siku za kungojewa, na siku hizo unaweza kujitengenezea kwa kuacha mshahara mmoja ukae benki bila kuguswa. Mimi ilinichukua miezi 14 kuujenga, elfu mbili, elfu tatu kila mwezi. Tangu wakati huo kadi yangu ya mkopo haipiti dukani mara nyingi kama zamani, na naielekea siku ya kuirudisha.

Dukani nako uliza bei mbili, ya taslimu na ya deni. Mwenye duka muungwana atakutajia zote. Tofauti kati yake ndiyo gharama ya kungojewa kwako, hata kama haijaitwa riba.

Daftari

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Nimelisikia hilo msikitini tangu utotoni na bado nilibeba kadi miaka miwili bila kuandika mstari mmoja, nikiitegemea benki iniandikie. Benki huandika ulichotumia. Haiandiki kwa nini, wala kitakacholipa.

Nunua daftari. Kila ukurasa gawa sehemu nne: tarehe, kitu na kiasi, kitakacholipa, na cha pili endapo hicho kitashindikana. Jaza kabla ya kununua. Ukifika sehemu ya tatu ukakwama, kalamu imesimama hewani, usinunue. Kila Jumapili usiku jumlisha. Taarifa ya benki ikija, ilinganishe na daftari mstari kwa mstari, na ukiona ununuzi usioujua piga simu benki siku hiyohiyo, maana malalamiko yana muda wake. Nambari ya siri usimpe mtu, hata anayejitambulisha kuwa wa benki.

Ukiteleza, usijifiche. Ukiona hutaweza kulipa, nenda benki kabla ya tarehe ya mwisho na uombe deni ligawanywe kwa kiasi na muda maalumu, kisha usitumie tena kadi hadi liishe. Deni likilala, yaani likikaa muda mrefu bila kulipwa, jina lako hupelekwa kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo, CRB, na utakuja kulikuta siku unaomba mkopo wa sacco. Jua pia kwamba Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka mpaka: deni likishahesabiwa kuwa limelala, benki haiwezi kukudai riba inayozidi kiasi cha deni kilichokuwepo lilipolala. Ukidaiwa zaidi ya hapo, omba hesabu kwa maandishi.

Jambo la mwisho ni la kikao. Bajeti hii usiifanye peke yako mjini. Nenda nyumbani angalau mara moja kila msimu, mkae jioni baada ya kukamua, chai ikiwa imeshamiminwa, uwasomee daftari kwa sauti. Mwache mama aulize, kwa sababu yeye ndiye anayejua chai inanywewa na watu wangapi na nani ameacha kulipa maziwa. Mwache baba ataje wanyama. Utashangaa jinsi wanavyoielewa bajeti kwa haraka.

Ukurasa wa kwanza wa daftari letu la hagaya iliyopita una mistari minne tu. Oktoba 21, vyakula vya lori, 18,400, mshahara wa Novemba, akiba ya benki. Oktoba 21, dawa ya minyoo na ya kupe, 6,500, mshahara wa Novemba, akiba ya benki. Novemba 3, miwani ya baba, 4,000, taslimu. Mstari wa nne ni wa dukani Biliqo, kwenye daftari la mwenye duka na letu pia: sukari, majani, unga, 3,150, beberu mweupe wa mapacha, na pembeni, kwa mwandiko wa mpwa wangu aliyekuwa akiandika huku Mama akimtajia, "au dada yake".